Sumaku ya Kumvuta Baba

Waya ukipitishiwa umeme mwingi kuliko unavyoweza kubeba, hunuka kabla haujatoa moshi. Ni harufu ya vanishi inayoungua, kali, yenye utamu fulani wa kukera, na inakaa kooni. Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Bunda, kijana mwenye haraka kuliko akili, aliunganisha koili yake kwenye betri la gari badala ya lile dogo nililompa, na maabara nzima ikajaa harufu hiyo. Wenzake walipiga kelele, wakafungua madirisha, wengine wakacheka. Mimi nilichomoa waya, nikawaambia waandike walichokiona, kisha nikatoka kusimama barazani. Walidhani nimekasirika. Nilikuwa natafuta pumzi, maana kwangu mimi hiyo ni harufu ya ufukwe wa Makoko, Ijumaa moja jioni, na mama yangu amepiga magoti mchangani.

Nafundisha fizikia. Watu huniuliza binti wa mvuvi alifikaje huko, nami huwajibu kwa mzaha kwamba nilikuwa mvivu wa kuparua samaki. Jibu la kweli ni refu na halina mahali pa kucheka.

Baba alikuwa na chuma mguuni. Alivunjika paja siku walipokuwa wakivuta boti nchi kavu, ikateleza kwenye magogo na kumlalia. Alilazwa muda mrefu, madaktari wakamuunga mfupa kwa chuma na skrubu, akarudi nyumbani akichechemea kidogo. Kuanzia hapo wenzake wa ziwani wakaacha jina lake, wakawa wanamwita Chuma. Hakuchukia. Mimi ndiye niliyejivuna zaidi, kwa sababu hakuna mtoto mwingine Makoko aliyekuwa na baba wa namna hiyo. Nilikuwa nikimgonga paja kwa kijiko ili nisikie mlio, naye alikuwa akiutoa kwa mdomo, "ngo, ngo," huku uso ameukaza, na mimi niliamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mvua ikinyesha mguu ulimuuma, mama akaukanda kwa kitambaa cha maji moto huku akinung'unika kwamba ameolewa na gari bovu.

Baba alivua dagaa. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, mwezi usipokuwepo, na kuwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Zamani zilikuwa karabai, lakini boti ya baba ilikuwa imeshahamia kwenye taa za betri, na kulikuwa na betri la akiba lililokaa nyumbani, chini ya kitanda, likingoja zamu yake ya kuchajiwa. Usiku aliopotea, upepo uliwakuta ghafla, boti ikapinduka. Wenzake waliokotwa asubuhi wakiwa wamekumbatia madumu. Baba hakuonekana.

Kwa akili yangu ya darasa la sita, sababu ilikuwa wazi: chuma huzama. Wenzake walikuwa watu wa nyama na mifupa, wakaelea. Yeye alikuwa na chuma, kikamvuta chini. Hakuna aliyeniambia hivyo na hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa sikumwambia mtu. Nilikaa na wazo hilo peke yangu, na usiku niliona aibu kwa jinsi nilivyowahi kujivunia mguu ule.

Kwetu, ziwa likimchukua mtu, watu hungoja limrudishe. Mara nyingi humrudisha baada ya siku chache. Wakati wa kungoja moto huwashwa uani, wanaume hulala nje kuuzunguka, na nyumba yenye msiba haipiki samaki wa aina yoyote mpaka mwili upatikane. Vijana walikwenda na mitumbwi wakaburuta ndoano na nyavu chini ya maji. Wakaleta kipande cha wavu wa watu wengine. Wakaleta buti la mpira ambalo halikuwa lake. Kila mtumbwi uliporudi mama alitoka mpaka mlangoni, akawatazama nyuso zao wale vijana, hata asiulize, kisha akarudi ndani.

Wageni waliendelea kula. Hili nalisema kwa hasira mpaka leo. Kuna watu wana kipaji cha msiba: wanajua sufuria itaiva saa ngapi, wanajua kulia kabla ya chakula na kucheza karata baada yake. Walikaa uani kwetu wakimzungumzia baba, jinsi alivyokuwa mtu wa watu, wakati mimi nilikuwa bado namsubiri aje anunue sare yangu mpya. Nilikuwa nikipita katikati yao na ndoo ya maji, wakininyamazia, na nikishapita wanaendelea.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Nyegina siku ya kwanza na hakuondoka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani hata akiomba chumvi. Jumatano jioni aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda karibu na mama. Mimi nilikuwa kitandani nyuma ya pazia, macho wazi.

"Shemeji," alisema, "tumekaa na wazee. Huyu mtu tumemtafuta vya kutosha. Wewe unajua kwetu tunafanyaga nini kama mtu hajaonekana. Tunazikaga mgomba. Siyo kitu kigeni."

"Mimi sikuolewa na mgomba, shemeji."

"Najua."

"Sasa unanileteaje mgomba?"

Baba mkubwa alisogeza kigoda karibu zaidi. "Moto hauwezi kuwaka hapa mpaka mwaka kesho. Watu wana kazi zao. Na huyu mtoto, Nyangeta, atakaa na msiba ambao hauishi? Jumamosi, mama. Katekista ameshakubali. Jumamosi twende Nyegina tumalize."

"Na akipatikana kabla ya Jumamosi?"

"Akipatikana kabla, tunashukuru Mungu, tunamzika yeye mwenyewe."

Mama hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana tena. Kwa watu wazima huko kulikuwa kukubali.

Nilijua mambo ya mgomba. Nilikuwa nimeona ukizikwa kwa jirani mmoja wa Nyegina aliyepotelea ziwani nikiwa mdogo. Shina hukatwa kwa urefu wa marehemu, huviringishwa shuka, husomewa sala zote kama mtu, hushushwa kaburini, na wanawake hulia kweli. Moto huzimwa siku hiyohiyo, na kuanzia hapo mtu amekufa, hakuna mjadala. Kilichonitisha siyo kwamba ulikuwa uongo. Nilichowaza ni kwamba baba akirudi Jumapili atakuta nafasi yake imeshachukuliwa, kaburi lina mwenyewe, na hatakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo ilibidi apatikane kabla ya Jumamosi. Watu wazima walikuwa wameacha kutafuta, basi nikabaki mimi.

Alhamisi nilikwenda shule kwa sababu mama alisema nitoke pale uani. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Magesa, alikuja darasani na msumari mrefu, waya wa shaba na betri la redio. Alizungusha waya kwenye msumari, akakwangua ncha kwa wembe, akazigusisha kwenye betri. Akausogeza msumari kwenye rundo la pini, na pini zikaurukia. Akaachia waya, zikadondoka. Akarudia. Darasa lote lilikuwa limesimama juu ya madawati.

"Mkondo wa umeme ukipita kwenye waya," alisema, "pembeni ya waya panazuka uga sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya kuvuta. Hamuuoni, lakini upo. Ukikata umeme, uga unapotea. Mizunguko ya waya ikiwa mingi, sumaku inakuwa na nguvu zaidi. Umeme ukiwa mwingi, vilevile."

Nilinyoosha mkono. Tangu msiba uanze nilikuwa sijaongea darasani, na watoto wote wakageuka.

"Mwalimu, ndani ya maji inavuta?"

Akafurahi. Mwalimu anayeulizwa swali zuri hufurahi kabla hajafikiri limetoka wapi. Mimi mwenyewe nimeshafanya kosa hilohilo. Akaomba glasi, akajaza maji, akadondosha pini, akausogeza msumari kwa nje ya kioo. Pini zikatambaa chini ya maji kuufuata.

"Na huo uga unaishia wapi?"

"Hauna ukuta, Nyangeta. Unafifia kadiri unavyoenda mbali. Lakini ukisema nionyeshe mahali ulipoishia, hakuna anayeweza kukuonyesha." Akawageukia wengine. "Mpigieni makofi."

Wakanipigia. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo ninalolitoa mimi darasani mpaka leo, karibu kwa maneno yaleyale. Sikusikia neno kufifia. Nilisikia tu kwamba hauna mwisho.

Nyumbani tulikuwa na feni bovu ambalo baba alilinunua Mwisenge kwa fundi mmoja, kwa ahadi ya kulitengeneza. Alhamisi hiyohiyo nililipasua kwa jiwe nyuma ya jiko, nikaanza kutoa waya uliosukwa ndani. Nondo nilipata kwa jirani aliyekuwa anajenga. Kazi ya kuzungusha waya ule mwembamba kwenye nondo sikuiweza. Ulikuwa unajikunja, unalegea, mizunguko inapandana. Ijumaa sikwenda shule. Nilikuwa jikoni, vidole vimechubuka, nalia kwa hasira bila sauti, mama aliponikuta.

Alisimama mlangoni akitazama feni lililopasuka. Nilingoja kupigwa.

"Unafanya nini?"

"Sumaku."

"Ya nini?"

"Ya kumvuta baba." Kisha nikamweleza yote kwa mkupuo, nikiogopa atanikatiza: pini, glasi ya maji, betri lililo chini ya kitanda ambalo lina nguvu kuliko la redio, mizunguko mingi, chuma cha mguuni, uga usio na ukuta. Nikamwambia hao vijana wanashindwa kwa sababu ndoano lazima imguse mtu, lakini hii haihitaji kugusa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Uani watu walikuwa wanabishana kuhusu karata. Aliingia, akafunga mlango wa jiko, akakaa chini kando yangu na kunyoosha miguu. Alichukua nondo kutoka mikononi mwangu.

"Shika huko mwisho," alisema. "Kaza. Usiachie."

Mama alikuwa mshona nyavu kabla hajaolewa na baada ya hapo. Vidole vyake viliujua uzi wa kila aina, na waya kwake ulikuwa uzi tu. Akaanza kuuzungusha, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi katikati, akifika mwisho anarudi juu yake. Mimi nilikuwa naachia waya kidogo kidogo. Ilikuwa saa ya kwanza tangu baba apotee ambayo mama hakutazama mlango. Nilihisi furaha, na mpaka sasa sijui niiweke wapi furaha ile.

Jioni, jua likiwa bado lipo, mama aliweka betri kwenye beseni, akalifunika kwa kanga, akajitwika. Mimi nilibeba nondo. Baba mkubwa aliuliza tunakwenda wapi.

"Kufua," mama alisema. Yule mzee aliangalia beseni, akaangalia uso wa mama, akatuacha tupite.

Tulikwenda mbele kidogo ya pale boti zinapopaki, ambapo mchanga una michirizi myeusi. Ziwa lilikuwa shwari kabisa, na hilo liliniudhi. Mama alipiga magoti kwenye ukingo wa maji, akaizamisha ncha ya nondo ndani. Mimi nilikuwa nimekwangua ncha za waya kwa wembe kama Mwalimu Magesa. Nikafunga moja, nikamtazama mama.

"Weka," alisema.

Nikagusisha ya pili. Palitokea cheche, kisha kimya. Mama alikuwa ameishika nondo kwa mikono miwili na macho yake yako mbali, kule majini. Nami nikatazama huko. Nilikuwa na uhakika kwamba uga umeshaondoka, unapita chini ya maji, unakwenda. Nilingoja kuona maji yakitikisika.

Harufu ilikuja kwanza. Halafu moshi mwembamba katikati ya vidole vya mama. Waya ulikuwa unaungua, na kila nilichokijua kuhusu umeme kilikuwa kile cha Alhamisi, kwamba ukiwa mwingi ni vizuri.

"Mama, inawaka!"

Hakuachia. Nilimwita tena, nikapiga kelele, na bado hakuachia, mpaka mimi mwenyewe niliponyofoa waya kwenye betri. Aliiondoa nondo majini polepole, akaiinua. Kwenye ncha yake kulikuwa na kizibo cha soda chenye kutu, ndoano kuukuu, na mchanga mweusi umesimama wima kama ndevu. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, vilianza kudondoka. Kizibo kikaanguka, ndoano ikaanguka. Mchanga mwingine ulibaki umeng'ang'ania, kwa maana nondo ya chuma hubaki na usumaku kidogo. Mama alikuwa anautazama ule mchanga. Alisema, "Kumbe inavuta kweli," kwa sauti ndogo sana, kisha akalia. Alikuwa hajalia tangu siku ya kwanza. Alilia akiwa amepiga magoti, kiganja kimeungua na mstari wa waya umejichora katikati yake, na mimi nilikuwa najaribu kuufunga tena waya kwenye betri, nikimwambia tujaribu mara moja tu, iko karibu kumfikia, iko karibu.

"Basi, mwanangu," alisema. "Imetosha. Basi."

Nilipofika chuo ndipo nilipojifunza kwamba chuma wanachotumia kuunga mifupa kwa kawaida ni cha aina ambayo sumaku haiivuti. Kimechanganywa hivyo makusudi, kisishike kutu mwilini. Nilikuwa mhadharani, mhadhiri alikitaja tu akipita kwenda kwenye jambo jingine, na mimi nikafunga daftari nikatoka. Ningekuwa na waya wa kuuzunguka mkoa wote wa Mara, na umeme wa nchi nzima, baba asingesogea hata kidogo. Na chuma chenyewe wala hakikumzamisha. Hakikuwa kizito kiasi hicho. Alizama kama wanavyozama watu wengine. Mama sijamwambia. Mara moja tu, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza kama siku ile aliamini. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilikuwa nimechoka kukaa tu," na akaendelea kuchambua.

Jumamosi tulikwenda Nyegina. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba ya babu, na watu walikuwa wengi, wanawake wa jumuiya wameshaanza kuimba. Mama alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mbele, na kila aliyekuja kumpa pole alipewa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekaa nimemwegemea. Nilikuwa namchukia kila mtu aliyekuwepo pale, na mama nilikuwa namchukia kidogo pia, kwa kusema basi.

Baba mkubwa na mwanamume mwingine walileta mgomba kutoka shambani, wameshauvua majani. Ulikuwa mnene, unadondosha utomvu njia nzima. Wakaulaza juu ya shuka jeupe. Katekista alifungua kitabu chake. Baba mkubwa alichukua panga, akasimama mwisho wa shina, akaangalia urefu wake, akasogea, akaweka alama kwa ncha ya panga, akasogea tena. Alikuwa anajaribu kumkumbuka mdogo wake alikuwa anamfika wapi, na watu wote wameacha kuimba wakimngojea.

Mama aliinuka kwenye mkeka. Wanawake wawili wakamshika wakidhani anataka kujitupa kaburini, kama wafanyavyo wengine, lakini aliwaondoa mikono yao taratibu. Akatembea mpaka kwenye lile shuka, akajilaza chini kando ya mgomba, chali, machozi yanamwingia masikioni. Alisogeza kichwa chake juu kidogo, kisha chini kidogo, mpaka kikatulia mahali anapopajua, pale ambapo miaka yote bega la mumewe lilikuwa. Kisha akainua ule mkono uliofungwa kitambaa, akagusa shina, sentimita chache juu ya kipaji cha uso wake.

"Hapa," alimwambia baba mkubwa. "Kata hapa."